Kinu cha Upepo, Wickham Terrace, Brisbane

Usitafute mapanga, yaliondolewa zamani. Mnara huu ulijengwa na wafungwa mwaka 1828, Brisbane ilipokuwa koloni la adhabu la Moreton Bay, na ndio jengo kongwe zaidi lililosalia Queensland. Ulisaga mahindi na ngano. Upepo ulipogoma, wafungwa waliingia mahali pake: walikanyaga vipago vya gurudumu kubwa, wengine wakiwa na pingu miguuni, wakipanda bila kufika popote. Unga ulipatikana, lakini shabaha hasa ilikuwa kuwatesa.

Julai 1841 Merridio na Neugavil, wanaume wawili wa jamii za wenyeji asilia, walinyongwa hapa hadharani. Wakoloni walitaka wenyeji wengine waone.

Mwaka 1861 mnara uligeuzwa kituo cha ishara: tufe lilidondoshwa kutoka kwenye mlingoti ili manahodha walioko mtoni warekebishe saa zao. Miaka ya 1930 majaribio ya kurusha picha za televisheni yalifanyika humu humu.

Ukitokea mtoni, fuata Mtaa wa Edward, kisha upande ngazi za King Edward Park. Ni kali, na kiangazi cha hapa kina unyevunyevu, beba maji.