'Si lazima' si 'must not': Njeo na vitenzi visaidizi katika mazungumzo ya Kiingereza

TUCHUKUE mfano wa mama aliyempeleka mtoto hospitalini, naye daktari akamwambia: "You must not give him this medicine at night." Akirejea nyumbani na kumweleza yaya kwamba si lazima mtoto apewe dawa hiyo usiku, atakuwa amegeuza katazo kuwa hiari.

Kosa hilo halitokani na uchache wa msamiati, kwani kila neno katika sentensi hiyo analifahamu. Kilichomponza ni kudhani kwamba lugha mbili hukanusha kwa njia moja. Tunaposema 'si lazima', tunauondoa ulazima. Kiingereza kinaposema 'must not', ulazima hubaki palepale. Kinachokanushwa ni tendo. Kwa hivyo, "You must not go" ni "Usiende", ilhali "Si lazima uende" ni "You don't have to go".

Katiba ya 2010 inatambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi nchini Kenya, na wengi wetu huhama kutoka lugha moja hadi nyingine mara nyingi kwa siku. Aghalabu tunapohama, tunabeba viambishi vyetu na kuvitafutia neno moja la Kiingereza la kuvitosheleza. Neno hilo mara nyingi halipo.

Kiambishi 'me'

Kiambishi hiki hufanya kazi mbili. Huonyesha tendo lililokamilika, kama katika "Nimesoma barua yako", yaani "I have read your letter". Pia huonyesha hali iliyopo sasa. "Mtoto amelala" ni "The child is asleep", wala si "The child has slept", kauli inayosikika sana nchini. Vivyo hivyo, "Mgeni amesimama mlangoni" ni "The visitor is standing at the door".

Panapotajwa wakati uliokwisha, kama vile jana au mwaka wa 2019, 'have' haina nafasi. Sema "I saw him yesterday", usiseme "I have seen him yesterday".

Tofauti hii inaweza kumgharimu mtu kazi. Katika mahojiano, "I have worked there for three years" humwambia mwajiri kwamba ungali huko. "I worked there for three years" humwambia kwamba uliondoka. Kauli yetu "Nimefanya kazi huko kwa miaka mitatu" haibainishi jambo hilo, na anayeitafsiri neno kwa neno huenda akaonekana mwongo bila kukusudia.

Ombi na amri

Miongoni mwa wanaojuana, "Nipe chai" likitamkwa kwa sauti ya upole halimuudhi mtu. "Give me tea" ni amri. Kiingereza hutarajia "Could I have some tea, please?" Hapa 'could' haihusu wakati uliopita, umbo la wakati huo hutumiwa kulainisha ombi. Jambo hili si geni kwetu. Mtu husema "Nilikuwa nataka kukuuliza jambo" ilhali anataka kuuliza sasa hivi. Nayo 'ningependa' ni ndugu wa 'I would like'.

Uhakika na shaka

"He may have died" ni "Huenda amekufa": msemaji hajui. "He could have died", kwa kawaida, ni "Angaliweza kufa", lakini hakufa. Katika chumba cha habari, mhariri asiyetenganisha kauli hizi mbili anaweza kumzika mtu aliye hai.

Hata 'must' ina sura ya pili. "You must be tired" haimlazimishi mtu kuchoka. Maana yake ni "Bila shaka umechoka", yaani msemaji anakisia kutokana na anayoyaona.

Basi kabla ya kunena, msomaji ajiulize maswali matatu. Je, jambo hili limekwisha au lingali linaendelea? Je, ninalijua au ninalikisia? Je, ninaamuru, ninaomba au ninampa mwenzangu hiari? Majibu yake, wala si kiambishi cha Kiswahili, ndiyo yatakayomwelekeza kwenye kitenzi kisaidizi kinachofaa.

Na palipo na shaka, kuuliza si aibu. Yule mama angaliyarudia maagizo kwa maneno yake mwenyewe, "So I should not give it to him at night?", daktari angalithibitisha papo hapo, na yaya angalipokea katazo kama lilivyotolewa.