Meyer maana yake mnyapara

Jamani, jina la Hans Meyer tulilikariri shuleni: Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, akiwa na Ludwig Purtscheller wa Austria. Leo mlima nauacha, nashika jina.

Meyer ni mnyapara. Neno lilitoka kwenye Kilatini, maior, yaani mkubwa. Ujerumani ya Zama za Kati mwenye ardhi, mara nyingi askofu au monasteri, hakukaa shambani. Aliweka mtu wake. Huyo ndiye aliyesimamia kilimo, akakusanya nafaka na kuku wa kodi, na mahali pengine akaamua kesi ndogo za wakulima. Baadaye, hasa kaskazini, Meier akawa mkulima mkubwa aliyepangishwa shamba.

Majina ya ukoo yalianza kuganda kati ya karne ya 12 na ya 15. Mashamba ya namna hiyo yalikuwa kila kona, ndiyo maana akina Meyer wamejaa. Makarani nao waliandika walivyosikia: Meier, Maier, Mayer, Mayr. Ikabidi watofautishwe, Obermeier wa juu, Niedermeier wa chini.

Ila usimwite kila Meyer mjukuu wa mnyapara! Kwa Wayahudi wengi jina hilo ni Meir, Kiebrania, mwenye kuangaza. Golda Meir, waziri mkuu wa Israel 1969 hadi 1974, aliitwa Meyerson hadi alipolibadili mwaka 1956. Bila nyaraka za ukoo, jina peke yake halikuambii kitu.

Tena likishaganda haliulizi unafanya kazi gani. Babu yake Hans, Joseph Meyer, alianzisha kampuni ya vitabu mwaka 1826, naye alikuwa mtoto wa fundi viatu wa Gotha. Mnyapara kwa jina, kiatu mkononi.

Hans ndiye aliyeirudia kazi ya jina lake, kwa kuongoza msafara wa wapagazi hadi Kilimanjaro. Mmoja wao alikaa kambi ya juu, baridi kali, akilinda hema wakati wazungu wawili wanapanda. Alikuwa mtu wa Pangani. Meyer aliliandika jina lake Mwini Amani. Mimi nalisoma Mwinyi, na pwani yetu Mwinyi ni bwana, mwenye mji.