Pete Iliyorudisha Lenzi za Zamani

Ukisimama, ewe msomaji, juu ya kilima cha chai baina ya Kericho na Bomet, macho yako hufanya kazi mbili bila kukusumbua. Huona majani mawili na chipukizi yaliyo kando ya mkono wako, na mara huona vilima vya mbali vilivyofunikwa na kijani. Lenzi ya kamera haina wepesi huo. Sharti isogezwe mbele na nyuma, tena mahali inapofungwa, ambapo tutapaita mdomo wa kamera, sharti pawe mbali na filamu kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Kipimo hicho ndicho kiini cha habari hii.

Mwaka 1971 kampuni ya Canon ya Japani ilitoa lenzi za namna ya FD. Mpiga picha alizizungusha kwa mkono ili kupata sura iliyo wazi, na kutoka mdomo wa kamera hadi filamu palikuwa na milimita 42. Kamera ya AE-1, iliyotoka mwaka 1976, ilizieneza lenzi hizo duniani. Lakini mwaka 1987 kampuni hiyo hiyo ilileta kamera za EOS, ambazo lenzi zake zilijiongoza kwa umeme. Mdomo ukapanuliwa, na nafasi ikawa milimita 44.

Tofauti ni milimita 2 tu! Walakini aliyefunga lenzi ya zamani katika kamera mpya kwa pete tupu alipata karibu akakosa mbali: chipukizi la chai lingeonekana wazi, na vilima vya Bomet vikawa kama ukungu. Ziliuzwa pete zenye kioo ndani, nazo zilipunguza uzuri wa picha. Basi lenzi nzima, zisizo na kosa lolote, zikatiwa sandukuni. Umeme ulikuwa na faida yake, sikatai; hata hivyo naona huo ulikuwa upotevu mkubwa.

Wokovu ulitoka mahali pasipotazamiwa. Ndani ya kamera za zamani mlikuwa na kioo kilichopeleka sura jichoni, nacho ndicho kilichodai nafasi yote ile. Kamera za kidijitali zilipoweza kuonyesha sura moja kwa moja, kioo hakikuhitajika tena. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa kamera ya G1 isiyo na kioo. Mwaka 2010 Sony ikatoa zake, na nafasi ndani yake ni milimita 18. Toa 18 katika 42, utapata 24. Pete ya chuma yenye unene huo, isiyo na kitu ndani, yairudishia lenzi ya mwaka 1971 vilima vyake.

Yabaki adui mmoja. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mvua yake, inayostawisha chai, hustawisha pia koga ndani ya lenzi iliyofungiwa gizani. Kabla ya kununua pete, ielekeze lenzi penye mwanga uichungulie. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, mpelekee fundi upesi, kwa maana koga ikikaa sana hula kioo chenyewe, na alama yake haifutiki.