Jina "Jomo": Asili Yake, Maana Zake na Makao Yake

Katika desturi ya Wakikuyu, jina la mtoto halibuniwi. Mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Mabinti nao hufuata majina ya bibi zao kwa utaratibu huo huo, na baada ya hapo ndipo hufikiwa ndugu za baba na za mama. Jina, kwa hiyo, ni deni linalolipwa kwa waliotangulia, na mzazi hana uhuru mkubwa wa kuchagua. Hii ndiyo sababu majina kama Kamau, Njoroge au Wambui husikika kila mahali, na hurudi katika nyumba moja baada ya kila vizazi viwili. Jina "Jomo" halina nafasi katika utaratibu huo. Mwenye kulibeba hakulirithi kwa babu, wala hakupewa na wazazi, wala halikutoka kwa padri. Alijichagulia mwenyewe akiwa mtu mzima, ughaibuni, na lilipigwa chapa kabla halijazoeleka vinywani.

Mwenye jina hilo alikuwa amekwisha kupitia majina mengine. Utotoni aliitwa Kamau wa Ngengi. Muigai, baba yake mzazi, alikuwa amefariki, naye Ngengi ni ndugu wa baba aliyemlea. Kijana huyo aliingia katika misheni ya Kanisa la Uskoti iliyokuwa magharibi ya Nairobi, mahali paitwapo Thogoto. Inafaa kukumbushwa kwamba jina la mahali hapo nalo ni tafsiri ya ulimi: Wakikuyu waliwasikia wageni wakijiita "Scot", wakalitamka neno hilo kwa sauti walizokuwa nazo. Huko Thogoto alibatizwa mwezi wa Agosti 1914. Inasimuliwa kwamba alitaka kuitwa John Peter, na alipokataliwa majina mawili ya mitume, aliyaunganisha kwa hila nzuri: alishika John, na kwa kuwa Petro maana yake ni mwamba, akaongeza neno la Kiingereza lenye maana ya jiwe. Hivyo akawa Johnstone Kamau. Hapo tayari anaonekana mtu asiyekubali kupewa jina bila ya yeye mwenyewe kutia mkono wake.

Jina la pili lilitokana na vazi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mnamo 1917, alikwenda Narok kukaa na Wamaasai, akaepuka kuchukuliwa kwa nguvu katika kazi za vita. Alizoea mapambo yao, hasa mkanda wa shanga ambao kwa Kikuyu huitwa kinyata. Aliporudi Nairobi mkanda huo ulikuwa alama yake, na hatimaye ukawa jina lake. Mwezi wa Aprili 1922 aliajiriwa na Baraza la Mji katika idara ya maji, akiwa karani wa stoo na msomaji wa mita, kwa mshahara wa shilingi 250 kwa mwezi, kiasi kikubwa sana kwa Mwafrika wa wakati ule. Alikaa Kilimani, na huko Dagoretti akajenga nyumba ya pili aliyoifanya duka la vyakula na bidhaa ndogo ndogo. Duka hilo aliliita Kinyata Stores. Yaani, jina ambalo leo limo katika barabara kuu ya mji lilikuwa kwanza jina la duka la kijijini, upande wa magharibi.

Tangu 1920 nchi ilikuwa imeacha kuitwa Himaya ya Afrika Mashariki na kuitwa Koloni la Kenya, na tahajia ya jina ikageuka polepole kutoka Kinyata hadi Kenyatta. Wasemaji wa Kiswahili walilipasua jina hilo wakapata "Kenya" na "taa", yaani taa ya Kenya. Hiyo si asili ya neno, kwa maana asili ni mkanda. Lakini haifai kudharauliwa, kwa sababu inaonyesha jinsi umma unavyolifanyia kazi jina la kiongozi wake. Jambo hilo hilo, kwa njia ya ajabu zaidi, ndilo lililolipata jina "Jomo".

Johnstone Kenyatta alisafiri kwenda Uingereza mwaka 1929, na baada ya kurudi kwa muda mfupi alikwenda tena 1931, akakaa huko miaka kumi na mitano. Alisoma elimu ya jamii za watu mjini London chini ya Bronislaw Malinowski, na mwaka 1938 kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu, *Facing Mount Kenya*, kilitolewa. Kitabu chenye kutetea mila za Wakikuyu hakingeweza kutoka kwa mtu aitwaye Johnstone. Pamoja na rafiki yake Mbiyu Koinange alitafuta jina jingine, na jina lililopatikana ni Jomo. Katika picha iliyotiwa kitabuni, mwandishi amejifunga vazi la ngozi begani na ameshika mkuki.

Sasa, neno hili lina maana gani? Magazeti ya Kiingereza na vitabu vingi vimeshikilia kwamba Jomo ni "mkuki uwakao moto". Maelezo haya hayawezi kusimama. Kwa Kikuyu mkuki ni itimũ, na moto ni mwaki. Hakuna hata silabi moja ya maneno hayo iliyomo katika Jomo. Zaidi ya hayo, sauti ya *j* isiyotanguliwa na *n* haimo katika maneno ya asili ya Kikuyu: huwapo katika Njoroge na Njeri, lakini haisimami peke yake. Neno linaloanza kwa *j* tupu hutiliwa shaka tangu mlangoni.

Maelezo yenye nguvu zaidi ni yale yanayolihusisha jina na kitenzi cha Kikuyu *comora*, yaani kuutoa upanga alani. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapa, kwa kuwa neno hilo analo: ni *chomoa*. Mtu huchomeka kisu, kisha hukichomoa. Kwa maana hiyo mwandishi wa kitabu alikuwa amekwisha kuvuta silaha yake, ingawa ilikuwa ya karatasi.

Hata hivyo, kwa nini *j* na si *c*? Yamkini jibu limo katika jina lililoachwa. Johnstone lilianza kwa Jo, na Jomo likaanza kwa Jo; herufi mbili za sahihi, J. K., hazikubadilika. Mtu aliyeliunganisha jina la Petro na la Yohana mwaka 1914 hakushindwa kulificha nusu ya jina la zamani ndani ya jipya mwaka 1938.

Na huo moto ulitoka wapi? Mkuki ulitoka katika picha; hilo ni dhahiri. Kuhusu moto, lipo jambo moja la Kiswahili ambalo halina budi kuzingatiwa, japo halitoshi kuwa ushahidi. Kitenzi *choma* kina maana mbili: kudunga kwa ncha, na kuunguza kwa moto. Katika mji kama Nairobi, ambamo Kikuyu na Kiswahili hukaa katika kinywa kimoja, masikio yaliyosikia *chomo* ndani ya Jomo yangeweza kupata ncha na moto kwa pamoja. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi "mkuki uwakao" ni kosa, lakini ni kosa lililofanywa na watu waliojua lugha mbili.

Kenyatta alirudi nyumbani Septemba 1946, na jina jipya likaja naye. Baada ya kukamatwa Oktoba 1952 na kesi ya Kapenguria, lilijulikana dunia nzima. Baada ya Uhuru, katikati ya Nairobi, Barabara ya Delamere iligeuzwa kuwa Kenyatta. Hospitali ya King George VI, magharibi ya mji, ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Na jumba refu la mikutano lililofunguliwa 1973, penye sanamu yake ameketi, likapewa jina hilo hilo. Jomo lenyewe limeandikwa kwa uchache zaidi, hasa katika uwanja wa ndege wa Embakasi na chuo kikuu cha Juja. Katika mazungumzo ya kila siku watu walisema "Mzee", kwa kuwa mwenye umri na cheo haitwi kwa jina tupu.

Inashangaza basi kwamba jina lililosikika hivyo halikuenea kwa watoto wa Kenya. Sababu si chuki wala usahaulifu. Mtoto wa Kikuyu amekwisha kuwekewa jina kabla hajazaliwa, na Jomo si babu wa mtu isipokuwa wa wajukuu wa Kenyatta mwenyewe. Hata yeye aliuheshimu utaratibu alioutoka: mwana aliyezaliwa Oktoba 1961, miezi miwili hivi baada ya baba kufunguliwa, aliitwa Uhuru kwa Kiswahili, lakini akaitwa pia Muigai, jina la babu.

Jomo lilipata wana mbali. Huko Penang, Desemba 1952, mwenye jina akiwa mahabusu, alizaliwa mtoto aliyeitwa Jomo Kwame kwa heshima ya Kenyatta na Nkrumah. Naye ndiye mwanauchumi Jomo Kwame Sundaram wa Malaysia. Afrika Kusini, Ephraim Matsilele Sono alipachikwa jina la Jomo uwanjani, na mwaka 1983 timu yake ikaitwa Jomo Cosmos. Marekani Weusi waliwaita wana na mabinti wao Kenyatta. Jamaika mwimbaji Winston Rodney alichukua tafsiri yenyewe iliyokosewa, akajiita Burning Spear, na kwa jina hilo kosa likawa mali halali ya mtu.

Kilimani sasa ni mtaa wa majumba marefu, na Dagoretti imemezwa na mji. Katika nyumba za huko, mjukuu wa kwanza wa Kamau bado huitwa Kamau.