Barua za kampuni za programu: mambo ya kusoma kabla ya kubonyeza "Nakubali"

Tuseme wewe ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hisa za wanachama, mikopo, marejesho na faini, vyote umeviandika kwenye programu ya simu kwa sababu daftari lililowa mvua mwaka juzi. Siku ya kikao unafungua simu, programu inakuambia huwezi kuongeza ukurasa mpya mpaka ulipie. Wanachama wamekaa wanasubiri. Unajiuliza: imeanza lini hii? Mbona hatukuambiwa?

Mara nyingi tumeambiwa. Kampuni zinazotengeneza programu za kazi, yaani za kuandika barua, kupiga hesabu, kuweka kumbukumbu na kutunza mafaili, hutuma taarifa kwa wateja wao mara kadhaa kwa mwaka. Huja kama barua pepe au kama ujumbe unaotokea unapofungua programu. Wengi wetu tunabonyeza "Nakubali" na kuendelea na shughuli. Katika makala hii tunaeleza taarifa hizo husema nini, kwa nini huja kwa misimu, na ni zipi mkulima, mfanyabiashara au kiongozi wa kikundi hapaswi kuziruka.

Kwa nini habari hizi huja kwa misimu

Programu ni kama kibanda kinachoezuliwa na kuezekwa kila mara. Watengenezaji huongeza vitu vipya, huziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanaweza kuyapitia, na huondoa vile ambavyo hawataki kuendelea kuvihudumia. Ili wateja wasishtukizwe kila siku, kampuni nyingi hujipangia kalenda.

Microsoft ya Marekani, yenye programu za Word na Excel, imekuwa ikitoa marekebisho ya usalama kila Jumanne ya pili ya mwezi tangu mwaka 2003. Programu zake za biashara ziitwazo Dynamics 365 hupata mabadiliko makubwa mara mbili kwa mwaka, awamu moja ikianza Aprili na nyingine Oktoba. Kampuni ya Salesforce, nayo ya Marekani, hutoa matoleo matatu kwa mwaka na kuyaita kwa majina ya majira ya kwao: machipuko, kiangazi na baridi. Kwa hiyo ukisoma habari za "kiangazi" katika barua ya namna hiyo, usishangae kama kwenu mko kwenye baridi ya kipupwe. Wanahesabu kwa majira ya kaskazini mwa dunia.

LibreOffice, programu ya ofisini ya kompyuta inayotolewa bure, nayo hutoa toleo jipya takriban kila miezi sita, kwa kawaida Februari na Agosti.

Mambo manne yaliyomo ndani ya barua

Barua hizi hupambwa kwa picha na maneno mazuri. Ukiondoa mapambo, karibu kila habari iliyomo itaangukia katika fungu moja kati ya haya manne.

La kwanza ni vitu vipya: kitufe kipya, rangi mpya, msaidizi wa akili mnemba. Hivi huwekwa juu kabisa, na ndivyo unavyoweza kuvisoma ukiwa na nafasi.

La pili ni usalama. Hapa kampuni inasema imeziba tundu fulani. Habari ya namna hii inakutaka usasishe programu yako mapema.

La tatu ni bei na mipaka: kiasi gani utapata bure, na kuanzia wapi utalipa.

La nne ni mwisho wa huduma: tarehe ambayo programu, toleo au akaunti haitahudumiwa tena.

Mafungu mawili ya mwisho ndiyo yanayogusa mfuko na kumbukumbu zako, na mara nyingi hukaa chini ya barua kwa maandishi madogo. Tuangalie mifano iliyokwisha kutokea.

Evernote: kutoka bure hadi kurasa 50

Evernote ni programu ya kuandika kumbukumbu iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2008. Watu wengi duniani waliizoea kama daftari la bure. Mwaka 2016 kampuni ilipunguza huduma ya bure, mtumiaji asiyelipa akaruhusiwa kuitumia kwenye vifaa viwili tu. Baadaye ikanunuliwa na Bending Spoons, kampuni ya Milan nchini Italia. Tarehe 4 Desemba 2023 mpaka mpya ukaanza: asiyelipa anaruhusiwa kuwa na kumbukumbu 50 na daftari moja tu.

Waliokuwa wamezidisha idadi hiyo hawakufutiwa. Waliendelea kusoma, kurekebisha na kuhamisha walichonacho, ila hawakuweza kuongeza kipya bila kulipa au kufuta. Mtu aliyesoma taarifa alipata nafasi ya kuamua mapema kama atalipa au atahama. Asiyesoma aligundua siku alipokuwa na haraka.

Kampuni haikuvunja ahadi ya kutunza kumbukumbu zisipotee, lakini hakuna aliyeahidi kwamba bure itabaki bure. Mwenye programu ana mishahara na gharama za kuhifadhi mafaili ya watu. Wateja wanapokuwa wengi na walipaji wachache, mpaka husogezwa. Kwa hiyo kila unapotumia kitu cha bure, jiulize mapema utatokaje humo ukilazimika.

Google: nafasi ya GB 15 na akaunti iliyolala

Huu mfano unawahusu wengi wetu, kwa sababu simu nyingi za Android zimefunguliwa kwa akaunti ya Google.

Kila akaunti ya bure hupewa nafasi ya GB 15, ambayo hugawanywa kati ya barua pepe za Gmail, mafaili ya Drive na picha za Google Photos. Zamani picha zilizopunguzwa ukubwa hazikuhesabiwa. Kuanzia tarehe 1 Juni 2021, picha mpya zilianza kuhesabiwa, pamoja na nyaraka mpya zinazoandikwa kwenye Docs na Sheets. Baadaye nakala za akiba za WhatsApp kwenye simu za Android nazo zikaingizwa katika hesabu hiyo. Nafasi ikijaa, akaunti haipokei barua pepe mpya na huwezi kupandisha faili jipya. Video za harusi zilizotumwa kwenye kundi la WhatsApp zinaweza kuzuia barua ya mnunuzi wa ufuta isikufikie.

Jambo la pili lilitangazwa Mei 2023. Google ilisema akaunti ya mtu binafsi ambayo haijatumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, na kwamba ufutaji hautaanza kabla ya Desemba 2023. Akaunti za shule na mashirika hazikuingizwa katika mpango huo. Kampuni ilisema itatuma maonyo kabla ya kufuta, kwa anwani yenyewe na kwa anwani ya akiba kama ipo.

Hapa ndipo penye hatari kwa vikundi vya vijijini. Mtu hufunguliwa akaunti na fundi siku ya kununua simu, hajui nenosiri lake, simu ikiharibika anafunguliwa akaunti nyingine. Ile ya kwanza inabaki na picha za hati ya shamba na orodha ya wanachama, na maonyo yanakwenda kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Kuiamsha ni kazi ndogo: ingia kwenye akaunti hiyo, soma barua pepe moja au fungua faili moja la Drive. Lakini lazima ujue anwani na nenosiri.

Microsoft: tarehe ya mwisho na bei iliyopanda

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Siku hiyohiyo Office 2016 na Office 2019 nazo zilifika mwisho. Kompyuta hizo hazikuzimika, bado zinawaka na kuandika barua. Kilichokoma ni marekebisho ya usalama ya kila mwezi. Kwa Windows 10, mtumiaji binafsi aliwekewa mpango maalumu wa kuendelea kupata marekebisho hayo hadi Oktoba 2026. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupandishwa kwenda Windows 11 kwa sababu hazina vifaa vya ndani vinavyohitajika. Kama ofisi ya chama chenu cha ushirika, shule au duka la uchapaji linatumia mashine ya namna hiyo, swali la kumuuliza fundi ni hili: je, bado inapokea marekebisho ya usalama?

Mfano wa bei unatoka Australia. Microsoft ilipandisha bei ya malipo ya Microsoft 365 kwa watu binafsi baada ya kuongeza msaidizi wa akili mnemba aitwaye Copilot. Kwa mtu mmoja, malipo ya mwaka yalitoka dola 109 za Australia hadi 159. Oktoba 2025 tume ya ushindani na walaji ya nchi hiyo iliishtaki kampuni hiyo, ikidai kuwa wateja takriban milioni 2.7 waliambiwa walipe bei mpya au wajitoe, ilhali kulikuwa na chaguo la tatu: kubaki na mpango wa zamani kwa bei ya zamani, bila Copilot. Tume ilidai kuwa chaguo hilo lilionekana pale tu mteja alipoanza hatua za kujitoa. Mwezi uliofuata Microsoft iliwaomba radhi wateja na kutoa nafasi ya kurejeshewa fedha.

Kwa hiyo barua ikikutajia njia mbili, ulizia ya tatu kabla hujalipa.

Barua ya kweli na barua ya tapeli

Matapeli wanajua kwamba barua hizi zipo, nao huiga. Utaletewa ujumbe: "Akaunti yako itafutwa leo, bonyeza hapa." Dalili ya kwanza ni haraka. Kampuni kubwa kwa kawaida hutoa taarifa wiki au miezi kabla. Dalili ya pili ni kuombwa nenosiri, namba ya siri ya pesa za simu, au tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwa SMS. Hakuna sasisho la programu linalohitaji namba ya siri ya pesa zako.

Njia salama ni moja: usibonyeze kiungo kilichomo kwenye ujumbe. Funga ujumbe, fungua programu yenyewe au Play Store kwa mkono wako, uangalie kama taarifa hiyo ipo. Kama ni kweli, utaikuta humo.

Kusasisha bila kumaliza bando

Tunasikia mara kwa mara kwamba watu huzima masasisho kwa sababu yanakula bando. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini kuyazima kabisa ni kuacha mlango wazi. Ndani ya Play Store, ukigusa picha ya akaunti yako na kuingia kwenye mipangilio, utaona sehemu ya mtandao ambapo unaweza kuamuru programu zisasishwe kwa Wi-Fi pekee. Ukienda mjini, shuleni au kwenye ofisi yenye Wi-Fi unayoiamini, simu itafanya kazi hiyo yenyewe. Kama hufiki penye Wi-Fi, sasisha moja moja, ukianza na programu za pesa, za mawasiliano na ile unayotumia kutunza hesabu.

Yanayofaa kufanywa na kikundi

Kikundi chenye kumbukumbu kwenye simu kinaweza kujikinga kwa hatua chache.

Andikeni kwenye daftari la karatasi jina la programu mnayotumia, anwani ya barua pepe iliyoifungua na namba ya simu iliyounganishwa nayo. Nenosiri liandikwe kwenye karatasi ya peke yake, litiwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kukaa kwenye sanduku la kikundi lenye kufuli tatu. Katibu akiugua au akihama, kazi haisimami.

Mwisho wa kila mwezi, hifadhini nakala ya hesabu kama PDF, na kama programu inaruhusu, kama faili la Excel pia. Tumeni nakala moja kwa mwenyekiti na nyingine kwa mhazini. PDF hufunguka kwenye karibu simu janja yoyote hata kama programu ya awali imefungwa au imeanza kudai malipo. Jumla ya hisa na mikopo iandikwe pia kwa kalamu.

Mteueni mtu mmoja, ikiwezekana kijana anayependa simu, asome barua za kampuni zinapokuja na kulitolea kikao taarifa kwa dakika mbili. Ajibu maswali manne tu: bei imebadilika? Mpaka wa bure umebadilika? Kuna tarehe ya mwisho? Tunatakiwa kufanya nini kabla ya tarehe hiyo? Kama majibu yote ni hapana, kikao kiendelee na ajenda nyingine. Kama kuna tarehe, iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari ili kila anayelifungua aione.