Epidaurus: Mahali patakatifu pa wagonjwa katika Ugiriki ya kale

Katika eneo la Argolis, kwenye rasi ya Peloponnese nchini Ugiriki, yamesalia magofu ya Epidaurus, mahali patakatifu pa Asclepius, mungu wa tiba wa Wagiriki wa kale. Wengi huenda huko kutazama ukumbi wake wa tamthilia usio na paa, lakini ukumbi huo ulijengwa mahali ambapo tayari wagonjwa walikuwa wakimiminika kutafuta nafuu.

Mgonjwa alijitakasa, akatoa sadaka, kisha akalala usiku katika jengo lililoitwa abaton. Iliaminika kwamba mungu angemtokea ndotoni, ama amponye ama amwelekeze tiba.

Katika karne ya 4 kabla ya Kristo, habari za waliopona zilichongwa kwenye mabamba ya mawe, na takriban visa 70 vinajulikana hadi leo. Vinasimulia vipofu walioona na viwete waliotembea. Waliorudi makwao na maradhi yao hawakuchongewa jiwe. Aidha, ilikuwa marufuku kufa au kujifungua ndani ya mipaka ya mahali hapo. Pausanias, mwandishi wa karne ya 2 baada ya Kristo, anaeleza kwamba mahututi walikata roho na wanawake walijifungua bila kuwa na paa la kuwasitiri, mpaka seneta wa Kirumi aitwaye Antoninus alipowajengea nyumba.

Ukumbi wenyewe, uliochongwa kwenye mteremko wa kilima, una safu 55 za viti vya mawe: 34 za chini na 21 za juu. Ulitosha watu wapatao 14,000 waliohudhuria mashindano ya muziki na tamthilia kwa heshima ya Asclepius. Husemwa kwamba mnong'ono wa jukwaani husikika hadi safu ya mwisho. Vipimo vya watafiti wa Uholanzi, vilivyotangazwa mwaka 2017, vilionyesha kwamba mnong'ono hueleweka katika safu za mbele tu.

Mwanaakiolojia Panagiotis Kavvadias alianza kuufukua mwaka 1881, na mwaka 1988 UNESCO iliiorodhesha Epidaurus kuwa urithi wa dunia. Tamthilia za kale huchezwa humo kila majira ya joto. Hata hivyo, mgeni asiondoke kabla ya kuingia katika jumba dogo la makumbusho lililo jirani, yalimohifadhiwa mabamba ya waliopona.