Datsun 240Z: Maarifa ya kulihifadhi gari lililotikisa Safari Rally

WAPENZI wa mbio za magari waliosimama kando ya barabara za vumbi mwanzoni mwa miaka ya sabini hawajaisahau sauti ya Datsun 240Z. Lilikuwa gari la milango miwili, lenye boneti ndefu, mgongo ulioinama na injini ya silinda sita.

Mnamo 1971, Edgar Herrmann na msomaji ramani wake, Hans Schüller, walishinda mashindano ya Safari kwa gari la aina hiyo. Shekhar Mehta na Mike Doughty walimaliza wa pili, pia ndani ya 240Z. Miaka miwili baadaye, mnamo 1973, Mehta na Lofty Drews walitwaa ushindi wenyewe. Mehta alikuwa amefungana kwa alama na Harry Källström, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine, na akatangazwa mshindi kwa kuwa alikuwa amekwenda umbali mrefu zaidi kabla ya kuadhibiwa.

Zaidi ya nusu karne imepita. Magari hayo ni haba, na mafundi waliyoyafahamu yakiwa mapya wamestaafu au wametutoka. Waliosalia nayo, hapa nchini na ng'ambo, hutegemeana: huyu ana kipuri, yule anajua dawa ya kabureta inayokohoa, mwingine amekwisha kubadilisha injini na anajua mahali alipokosea. Makala haya yanakusanya mambo ya msingi ambayo kila mwenye gari hilo, au anayenuia kulinunua, anapaswa kuyafahamu.

ASILI YAKE

Kampuni ya Nissan ililizindua gari hilo nchini Japani mnamo Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z. Katika masoko ya nje liliuzwa kama Datsun 240Z. Tarakimu 240 zinatokana na ukubwa wa injini yake iitwayo L24, yenye ujazo wa sentimita 2,393 za mchemraba, yaani lita 2.4.

Yutaka Katayama, aliyeongoza biashara ya Nissan nchini Marekani, ndiye aliyelipigia debe huko hadi likapata umaarufu mkubwa. Katayama alifariki mnamo 2015 akiwa na umri wa miaka 105.

Baada ya 240Z lilikuja 260Z mnamo 1974, lenye injini ya L26. Mwaka uliofuata Wamarekani walipata 280Z, lenye injini ya L28 ya ujazo wa sentimita 2,753 na mfumo wa kunyunyiza mafuta badala ya kabureta. Kizazi hicho cha kwanza kilikoma mnamo 1978, kikafuatwa na 280ZX.

Ni muhimu kuujua ukoo huu kwa sababu injini za L24, L26 na L28 ni ndugu wa tumbo moja. L24 ina silinda zenye upana wa milimita 83, na pistoni husafiri milimita 73.7. L26 ilihifadhi upana huo, lakini mwendo wa pistoni ukaongezwa hadi milimita 79. L28 ina upana wa milimita 86 na mwendo wa milimita 79. Kwa nje, hata hivyo, umbo ni lile lile, na mahali pa kuzifungia hapabadiliki.

KUTU KWANZA, INJINI BAADAYE

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kufungua boneti na kusikiliza injini. Wazoefu huanza chini ya gari. Injini iliyochoka hufufuliwa. Bodi iliyoliwa na kutu huweza kumfilisi mtu.

Gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Nguvu zake zimo katika mabati yenyewe, ikiwemo mihimili miwili inayopita chini ya sakafu. Chunguza mihimili hiyo, sakafu ya miguuni, sehemu ya chini ya betri ambako asidi huchuruzika, kona za nyuma ya milango na mabati yaliyo chini ya mlango wa nyuma. Gonga kwa kipini cha bisibisi. Bati zima hulia. Lililooza hunyamaza, au hutoboka.

Jihadhari na rangi mpya inayometameta. Aghalabu kutu hufunikwa kwa plasta ya bodi, na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa hutosha kuifichua, kwani hainati palipo na plasta nene. Mahali ambapo mihimili imeoza, kuchomelea kiraka juu yake si ukarabati. Ni kuahirisha ajali.

USIIFUNGUE INJINI KABLA YA KUIPIMA

Wapo mafundi ambao gari likikosa nguvu, dawa yao ya kwanza ni kuifungua injini. Wamiliki wa siku nyingi husisitiza kuipima kompresheni kwanza, silinda moja baada ya nyingine.

Iwapo silinda moja ina shinikizo dogo, tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, kisha upime tena. Shinikizo likipanda, shaka ni ringi za pistoni. Lisipopanda, tazama valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu kwa pamoja, huenda gasketi ya kichwa cha injini imeungua kati yao.

Endapo ni lazima kichwa kiondolewe, upo mtego ambao umewaliza wengi. Mnyororo unaozungusha kamshafti hukazwa na kifaa kilicho ndani ya kifuniko cha mbele. Ukiuachia mnyororo ulegee, kifaa hicho huchomoka, na huwezi kukirejesha bila kuufungua mbele wote wa injini. Kinga yake ni kabari ya mbao iliyochongwa vyema, ambayo huingizwa katikati ya mnyororo kabla ya gurudumu la kamshafti kufunguliwa. Kipande hicho cha ubao kinaweza kuokoa siku mbili za kazi.

Nafasi za valvu za injini za L hurekebishwa kwa mkono. Injini ikiwa baridi, valvu za kuingiza huachiwa milimita 0.20 na za kutoa milimita 0.25. Ikiwa moto, ni milimita 0.25 na 0.30. Valvu inayopiga kelele kidogo ni afadhali kuliko iliyobanwa ikawa kimya, kwani iliyobanwa haifungi sawasawa na huungua. Mpangilio wa kuwaka wa silinda ni 1-5-3-6-2-4. Uandike mahali, maana nyaya za plagi zikichanganywa gari litakohoa au kukataa kuwaka kabisa.

KABURETA NA MOTO

Gari hili lilitoka kiwandani na kabureta mbili za mtindo wa SU. Si ngumu, ila hazipendi kupuuzwa. Kila moja ina pistoni inayopanda na kushuka, na ndani ya shina lake huwekwa oili nyepesi. Oili hiyo ikikauka, gari husitasita unapokanyaga mafuta kwa ghafla. Wengi wamenunua kabureta nyingine ilhali dawa ilikuwa vijiko vichache vya oili.

Aidha, ni sharti kabureta zote mbili zivute hewa kwa kiwango sawa. Asiye na kifaa cha kupimia huweka ncha ya mpira mwembamba sikioni na nyingine mdomoni mwa kila kabureta, akalinganisha mvumo wake.

Kwa upande wa moto, wamiliki wengi wameacha pointi za zamani na kuweka distributa ya elektroniki kutoka kwa 280ZX, ambayo huingia pale pale. Mabadiliko haya hayaharibu chochote cha asili, na mwenye nia anaweza kuyarudisha nyuma wakati wowote.

Pia badilisha mipira yote ya mafuta. Mpira wa miaka arobaini hupasuka bila hodi, na petroli inayodondokea ekzosi yenye moto haimpi mtu nafasi ya pili.

VIPURI VINAPATIKANA WAPI?

Usione vyaelea, vimeundwa. Gari zuri la zamani unaloliona kwenye maonyesho limetokana na miaka ya kutafuta vipuri. Yapo maduka ya ng'ambo, hasa Marekani, Uingereza na Japani, yanayohudumia magari ya Z pekee. Hata Nissan yenyewe, mwishoni mwa miaka ya tisini, iliwahi kuyakarabati magari machache ya 240Z na kuyauza upya nchini Marekani.

Hata hivyo, si kila kitu sharti kitoke mbali. Injini za silinda nne za L16 na L18, zilizotumika katika Datsun 160B na 180B, ni za ukoo huo huo, na baadhi ya vipuri vya sehemu ya valvu huingiliana. Tahadhari: Datsun 120Y ina injini ya ukoo tofauti, na vipuri vyake vya injini havitafaa.

Breki za mbele nazo zina siri inayojulikana kote duniani. Kalipa zenye pistoni nne za Toyota Hilux ya magurudumu manne ya mwanzoni mwa miaka ya themanini hufungika kwenye 240Z baada ya kukata kidogo bati la nyuma ya diski. Lakini breki za mbele zikipewa nguvu nyingi bila kusawazishwa na za nyuma, uwiano wote hubadilika. Anayefanya hivyo anapaswa kuhakikisha pampu kuu ya breki inatosha, kisha alijaribu gari pasipo na watu.

Mfano mwingine ni difrensha. Ile ya 240Z huitwa R180, na aina hiyo hiyo ilitumiwa na Subaru katika Impreza STI. Inaweza kuhamishwa, ingawa huhitaji vishina maalum vya ekseli. Asiyeambiwa habari hiyo mapema hujikuta na chuma kizito sakafuni asichoweza kukifunga.

KUBADILISHA INJINI: HESABU KABLA YA SPANA

Hapa ndipo wamiliki hugawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwamba 240Z bila L24 ni ganda tu. Wengine hujibu kwamba gari linalotembea ni bora kuliko mnara uliofunikwa turubai. Pande zote mbili zina hoja.

Njia nyepesi zaidi ni L28. Hufungwa pale pale, hukubali giaboksi ile ile, na kabureta za awali huweza kutumika baada ya kurekebishwa. Mtazamaji wa kawaida hataona tofauti.

Njia ya pili ni injini za RB kutoka kwa Nissan Skyline, ambazo pia ni za silinda sita zilizopangwa mstari mmoja: RB20, RB25 na RB26 yenye turbo mbili. Nguvu ni nyingi, na gharama zilizojificha ni nyingi vilevile. RB26 ilibuniwa kwa gari la kuvuta magurudumu yote, na bakuli lake la oili limeundwa pamoja na difrensha ya mbele. Ni lazima libadilishwe kwa la RB inayovuta nyuma pekee. Huhitajika pia vishikizo vipya vya injini, pampu ya mafuta yenye shinikizo la juu, bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, nyaya na kompyuta ya injini, rejeta kubwa na propela iliyopimwa upya.

Njia ya tatu, inayopendwa Marekani, ni kutia injini ya V8. Huko ni rahisi kuipata. Kwetu, anayeichagua ajiulize ni nani atakayemhudumia gari likimlalia Mtito Andei.

Kanuni ya wazoefu ni moja: breki, bodi na usukani viimarishwe kabla ya nguvu kuongezwa. Aghalabu miradi iliyokwama miaka nenda miaka rudi ni ile iliyoanza kwa kununua injini, fedha zikaisha kabla ya mengine. Magari hayo huishia kuuzwa vipande vipande.

Jambo jingine ni sheria. Nambari ya injini huandikwa katika hati za gari. Anayebadilisha injini anapaswa kuhifadhi stakabadhi za ununuzi, kuiarifu mamlaka ya NTSA ili rekodi zirekebishwe, na kuijulisha kampuni yake ya bima. Asipofanya hivyo, anaweza kushukiwa kuwa na injini ya wizi, au bima ikamkana siku ya ajali. Na ile injini ya awali usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ipake oili, izibe matundu, uihifadhi. Gari lenye injini iliyozaliwa nayo huthaminiwa zaidi, na anayelirithi huenda akataka kuirudisha.

KUULIZA NA KUJIBU

Kuuliza si ujinga, lakini swali lisilo na vipimo huleta majibu ya kubahatisha. Badala ya kusema gari "halina nguvu", eleza ni lini hali hiyo hutokea, injini ikiwa moto au baridi, kompresheni ya kila silinda, na ulichobadilisha mwisho. Eleza pia ni injini ipi hasa iliyomo, kwani baada ya miaka hamsini jina lililo kwenye bodi si ushahidi.

Anayejibu naye ana wajibu. Atenganishe alilofanya kwa mikono yake na alilolisikia. Ushauri mbaya kuhusu redio humpotezea mtu pesa. Ushauri mbaya kuhusu breki humpotezea maisha. Na aliyeshauriwa akifaulu, arudi aseme ni nini kilichoponya gari, maana jibu hilo ndilo litakalomfaa atakayekuja baadaye.

Tangu 2003, mashindano ya Safari ya magari ya kale yameyarejesha magari ya Z kwenye vumbi letu, na vijana wameanza kuyauliza majina yake. Kijana anaweza kununua kipuri kutoka Japani akiwa kitandani. Asichoweza kununua ni sikio la fundi aliyezirekebisha kabureta hizo zikiwa mpya.

Kama unamjua fundi wa namna hiyo mtaani kwenu, mpelekee gari lako angali na nguvu. Simama kando yake, shika tochi, na uandike anachosema. Penye wazee haliharibiki neno, ila sharti awepo wa kulisikiliza.